Kisima cha Arobaini na Moja

Kazi yangu ni kusoma programu za kompyuta zilizozeeka. Siziandiki wala siziuzi. Nakaa mbele ya programu ambayo watu wanaitumia kila siku na hakuna anayeipenda, naisoma mstari kwa mstari, na mwisho naandika kama inafaa iendelee kutunzwa au izimwe. Wenzangu wa chuo kikuu wana jina la kitaalamu la hali hiyo, wanaiita deni la kiufundi. Maana yake ni kwamba ulichokifanya kwa haraka leo, kesho mtu mwingine atahangaika nacho. Mimi jina hilo silipendi. Mdai huja akagonga mlango, akapiga kelele, majirani wakajua. Programu haigongi mlango wa mtu. Inavumilia tu mpaka siku inapokataa, na siku hiyo kila mtu anauliza kwa nini haikusema.

Mwaka huo niliitwa Kilwa Masoko. Ofisi moja ya pale, ambayo sitaitaja, ilikuwa na programu ya visima. Ndani yake mlikuwa na visima vyote vya pampu ya mkono katika vijiji ilivyovihudumia, na kila mwisho wa wiki ilitoa karatasi moja ya Jumatatu: pampu zipi zifunguliwe wiki hiyo, zipi zitiwe grisi, zipi zibadilishwe raba. Fundi aliichukua ile karatasi, akafunga vifaa vyake kwenye pikipiki, akaondoka. Aliyeiandika programu alikuwa karani wa ofisi hiyo hiyo. Aliitunza peke yake miaka mingi, kisha akastaafu, na tangu astaafu hakuna aliyeigusa. Mkuu wa ofisi aliniambia siku ya kwanza, "Mwalimu, wewe ndiye utakayetuambia. Tubaki nayo, au tuizime tulete nyingine. Utakaloandika ndilo tutakalofanya."

Nilikubali, ila nilitoa sharti. Nilimwambia yeye na karani wa sasa kwamba mtu yeyote asinieleze lolote zaidi kuhusu programu wala aliyeiandika. Jina lake, anakoishi, kama yuko hai au la, sitaki kujua. Hiyo ni njia yangu ya kazi na nimeitetea kwenye makala. Watunzaji wengi hawana bahati ya kumpata aliyeandika kile wanachokitunza, basi na mimi nisimpate. Programu iseme yenyewe. Nilijivunia sana njia hiyo. Leo nikiikumbuka nasikia aibu.

Nilipanga chumba katika nyumba ya wageni nyuma ya soko. Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja. Mume wangu alikuwa amefariki miaka sita kabla, watoto hatukujaliwa, na nyumba ya wazazi wangu kule Mingoyo ilikuwa na wapangaji. Sikuwa na mtu wa kumpigia simu kumwambia nimefika salama, kwa hiyo sikupiga. Chakula nilikula kwa mama ntilie mmoja karibu na stendi, kwenye meza ya pembeni yenye viti vinne. Siku tatu za mwanzo aliniuliza kama namsubiri mtu. Nikamwambia niko peke yangu. Siku ya nne hakuuliza tena. Nilipoketi tu, alikuja akavichukua vile viti vitatu akavipeleka meza nyingine.

Ofisini walinipa chumba kidogo chenye feni moja na dirisha linalotazama yadi ya magari mabovu. Nikaanza kusoma.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Ndani ya programu kuna mistari inayoiamuru mashine, na kuna mistari ambayo mashine inairuka. Hiyo inayorukwa huandikiwa mtu. Mwandishi anamweleza atakayekuja baadaye kwamba hapa nimefanya hivi kwa sababu hii. Wengi hawaandiki kabisa, na wanaoandika huandika kwa kubana kama watu wanaolipia kila neno. Nimesoma programu za wasomi wakubwa ambamo hamna hata sentensi moja ya binadamu.

Huyu karani aliandika. Mstari wa kwanza kabisa, juu ya kila kitu, ulisema: "Asalaam aleikum wewe uliyefika hapa. Ikiwa umenizidi umri, shikamoo. Ikiwa nimekuzidi, marahaba, usijisumbue."

Nilicheka peke yangu mle chumbani mpaka nikajishangaa. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilikuwa nimecheka lini.

Nikaendelea kushuka. Mahali fulani alikuwa ameandika, "Hapa nilikosea, nikarekebisha kwa kukosea tena. Inafanya kazi. Usiniulize." Chini kidogo: "Leo umeme umekatika mara nne. Nikiendelea ni ubishi tu." Kwenye sehemu moja ngumu, yenye hesabu za siku na miezi zilizopindana, alikuwa ameandika, "Umechoka? Nenda kanywe maji. Ukirudi utaliona kosa." Sikwenda kunywa maji, nikajitia ujuaji, nikapoteza saa mbili nzima. Mistari thelathini mbele nikakuta, "Nilikuambia."

Basi nikawa na mtu. Sitaficha, maana ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi nilitembea haraka kwenda ofisini kwa sababu kulikuwa na mtu ananisubiri, na jioni nilichelewa kuzima mashine kwa sababu hiyo hiyo. Nilijipangia nisisome zaidi ya kurasa ishirini kwa siku. Kwenye ripoti nilisema nafanya hivyo kwa ajili ya umakini. Kweli ni kwamba niliogopa atakwisha.

Huko nyuma nilikuwa nimeanza kuiandika ripoti yenyewe. Kitaalamu haikuwa na mjadala. Programu ilikuwa imeshonwa viraka juu ya viraka, ilikaa kwenye mashine moja kuukuu ambayo ikifa hakuna nyingine, na hakuna mtu pale ofisini aliyeweza kubadilisha hata nukta. Rasimu yangu ilisema izimwe. Kila nilipoufungua ukurasa ule nilijua kwamba naandika kumzima mtu pekee aliyekuwa akizungumza nami, nikaufunga, nikarudi kumsoma.

Karani wa sasa alikuwa mwanamke wa pale pale Masoko, kama miaka arobaini hivi, mcheshi, mwenye ulimi. Saa nne alikuwa akiniletea chai na vitumbua, akiegemea mlango, akinitania kwamba nimeolewa na kompyuta na mahari sijalipiwa. Siku moja aliinama nyuma yangu akasoma kwenye kioo ule mstari wa kwanza.

"Ah! Kumbe kakusalimia," akasema.

"Anamsalimia yeyote atakayefika."

"Na nani kafika? Si wewe? Umemwitikia?"

"Dada, hii ni kompyuta."

"Kompyuta haitoi salamu. Katoa mtu." Alikuwa hatanii tena. "Sisi tulifundishwa madrasa, salamu kuitoa ni sunna, kuiitikia ni wajibu. Na ya maandishi ni vile vile. Barua ikija na salamu, unaitikia."

Nikamwambia mimi Mkristo, Mmwera wa Mingoyo, na isitoshe sharti la kazi yangu haliniruhusu kuwasiliana na mwandishi. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyekataa kumpa mgeni kiti.

"Haya mama. Sharti ni lako," akasema, akachukua kikombe kitupu akaenda zake.

Nilikasirika. Nilijiambia hawa watu hawajui utafiti ni nini. Lakini tangu siku hiyo kila nilipoifungua programu, ule mstari wa kwanza niliuvuka kwa haraka, nisiusome.

Wiki ya sita nilifika kisima cha arobaini na moja.

Visima vyote vilikuwa vimeorodheshwa kimoja baada ya kingine, na hiki cha arobaini na moja kilikuwa kimekauka zamani. Pampu ilishang'olewa. Hata hivyo programu iliendelea kukibeba, na kila kilipofikiwa na zamu kilitokea kwenye karatasi ya Jumatatu, na fundi alikikata kwa kalamu. Juu yake karani wa zamani alikuwa ameandika: "Kisima hiki kimekufa. Usikifute. Ukitaka kukifuta, nipigie kwanza." Chini yake kulikuwa na namba ya simu.

Katika fani yangu hakuna kitu kinachojulikana zaidi ya hiki. Mtu anaacha mfu ndani ya programu kwa sababu anaogopa kumtoa. Ndiyo dalili ya kwanza tunayowafundisha wanafunzi kuitafuta. Na namba ya simu ilikuwa mtego wa njia yangu. Nilitaka kupiga. Nilitaka kuisikia sauti yake mpaka kidole kikafika kwenye simu. Halafu nikajikumbusha mimi ni nani, nikaiweka simu mkobani. Nikatengeneza nakala ya programu pembeni, nikakifuta kisima cha arobaini na moja pamoja na viraka vingine vilivyokufa, ili nione kama programu itaweza kubadilishwa bila kuanguka. Haikuanguka. Ilitoa orodha yake safi bila kulalamika. Nikachapisha orodha mbili, ya zamani na ya nakala yangu, nizilinganishe. Ilikuwa Ijumaa, ofisi ilikuwa inatawanyika watu waende msikitini. Niliiacha ile ya nakala kwenye kona ya meza ya karani, nikaiwekea stepla juu isipeperuke, nikaenda kula.

Nilichokuwa sijui, kwa sababu nilikataza nisiambiwe kitu, ni kwamba kona ile ya meza ndiyo ya fundi. Karatasi inayowekwa pale na kuwekewa kitu juu ni ya fundi, na hana haja ya kuuliza. Jumatatu alfajiri alikuja kabla ya kila mtu, akaikuta karatasi yake mahali pake, akaichukua.

Na kitu cha pili nilichokuwa sijui. Namba za visima hazikuandikwa popote ndani ya programu. Programu ilihesabu tu: cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka mwisho. Lakini huko vijijini, kwenye saruji ya kila kisima, namba ile ile ilikuwa imepakwa rangi nyekundu, na fundi alikwenda kwa namba hizo, anazijua kwa kichwa kama watu wanavyojua majina ya wajomba. Nilipokifuta cha arobaini na moja, kila kisima kilichokuwa nyuma yake kilisogea hatua moja mbele kwenye karatasi. Kwenye saruji hakuna kilichosogea.

Fundi alirudi Jumatano mchana. Alikuwa amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Hakunisalimia. Aliiweka karatasi mbele yangu.

"Mama mtafiti, hii orodha ya nani?"

Nikaitazama, nikaijua.

Alinisimulia amesimama. Siku mbili alikuwa amefungua pampu zilizo nzima, akiwa na raba za pampu nyingine. Mbovu zilibaki vile vile. Kwenye kijiji kimoja ndani kule, ng'ambo ya Kiranjeranje, pampu aliyoifungua ilikuwa ya zamani sana, na raba ya ndani ilikatika wakati anaichomoa, na aliyokuja nayo haikuingia. Aliiacha pampu imelala wazi. Kijiji kizima kilikuwa na pampu hiyo moja.

"Wanachota wapi?" nikauliza.

"Mtoni. Mwendo wa saa nzima kwenda." Akajifuta uso kwa kiganja. "Wamenitukana mpaka wakanionea huruma, wakanipa muhogo. Mimi miaka yote hiyo sijawahi kukosea kisima. Wananiuliza, leo umepatwa na nini?"

Nilimwambia kosa ni langu. Nililisema mbele ya karani na mbele ya mkuu wa ofisi, sikulipamba. Tukatoa orodha ya kweli kwenye programu ya zamani, fundi akaondoka alasiri ile ile na raba inayofaa. Ningemshukuru karani kama angenisuta. Alirudi mezani kwake akaendelea na kazi, na hilo lilinichoma kuliko matusi ya kijiji kizima.

Walipoondoka wote nikaichukua simu. Sharti langu lilikuwa limekwishakwenda na maji ya mtoni. Nikapiga ile namba, nikitegemea kusikia kwamba haipatikani.

Iliita mara mbili.

"Naam?" Sauti ya mwanamume mzee, na nyuma yake kelele za watu wengi.

Nilikuwa nimejiandaa kujitambulisha kwa cheo na chuo. Nikajikuta nasema, "Nimefika kisima cha arobaini na moja."

Mtu mmoja kule nyuma aliuliza ni nani, naye akamwambia anyamaze kidogo.

"Umekifuta?" akauliza.

"Nimekifuta."

Alicheka. Alicheka kicheko kirefu cha mtu aliyesubiri jambo mpaka akasahau kwamba analisubiri. Mimi nilikuwa nalia, lakini nilishukuru kwamba simu haionyeshi. Alipomaliza akaniambia, "Njoo. Nipo Kiranjeranje. Ukishuka barabarani uliza mzee wa visima."

Nilikwenda Jumamosi. Basi lilinishusha barabarani, bodaboda akanifikisha bila hata kuuliza mara mbili. Ulikuwa wakati wa ufuta. Uwanja wote wa nyumba ulikuwa na miganda ya ufuta iliyosimamishwa kukauka, na watu walikuwa wakiipindua juu ya maturubai na kuikung'uta. Mabinti zake, wakwe zake, majirani, wajukuu nisiowahesabu. Kila mtu alikuwa anaongea. Nilisimama pale na mkoba wangu wa kompyuta begani nikaona haya.

Mzee alikuwa mfupi, mwenye kofia ya kiua na suruali iliyokunjwa magotini. Nikampa shikamoo.

"Marahaba mwanangu. Karibu. Nimesikia pampu ya ng'ambo ililala wazi. Maji yametoka kule?"

Ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Nikamwambia yametoka, fundi alinipigia Alhamisi. Akaguna, akaniletea kigoda kando ya ukuta wa nyumba, kwenye kivuli, yeye akakaa juu ya gunia.

Nilimuuliza la kitaalamu kwanza, kwa sababu ndilo nililolijua. Kwa nini hakuziandika namba ndani ya programu, kila kisima na namba yake, ili kimoja kikiondoka vingine visisogee? Alinieleza bila kujitetea. Mwanzoni kulikuwa na daftari. Alizunguka vijiji kwa baiskeli na kopo la rangi, na kila alipofika kisima aliandika ukurasa mmoja, namba ya ukurasa ndiyo akaipaka kwenye saruji. Kompyuta ilipoletwa ofisini akalihamisha daftari lilivyo. "Na daftari unalijua," akasema. "Ukichana ukurasa mmoja, ule wa upande wa pili nao unang'oka. Basi yule maiti nikamwacha anashika foleni. Nilijua ni vibaya. Kila mwaka nilisema nitaitengeneza."

Nikamwambia ndivyo wote husema. Akacheka tena.

Kisha nikamwambia lile lililonileta. Nikamwambia nimesoma maneno yake yote, wiki saba, na kwamba mstari wa kwanza uliniuma kwa sababu sikuuitikia. Nikamwambia aliandika vizuri sana kwa ajili ya sisi tutakaokuja baadaye. Alinisikiliza, uso ukabadilika, akawa kama anayeona haya.

"Mwanangu, nisikudanganye," akasema. "Yale sikuwaandikia ninyi."

"Uliandika 'wewe uliyefika hapa'."

"Ni mimi. Nani mwingine angefika humo? Familia yote ilikuwa huku, mimi Masoko na chumba kimoja. Ofisini hakuna aliyejua ninafanya nini. Siku nzima sina wa kuongea naye. Nikawa naandika, ili nikirudi tena mwezi ujao kurekebisha nikute mtu." Alichukua ganda la ufuta akalivunja kwa kidole. "Ulikuwa upuuzi wa upweke tu."

Iliniuma. Nasema wazi, iliniuma kuliko kisima. Wiki saba nilikuwa nimeamini kuna mtu amenikumbuka kabla hajaniona. Kumbe nilikuwa nimesimama dirishani nasikiliza mtu anayejisemea.

Nadhani aliliona hilo, kwa sababu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wewe pale Masoko unakula na nani?"

"Peke yangu."

"Basi ndiyo maana umeyasoma yote," akasema.

Mjukuu mmoja alikuja kumwonyesha kidole kilichochomwa na kijiti, akakipuliza, akamrudisha kwa mama yake. Nikamuuliza na ile namba ya simu nayo kama alijiandikia mwenyewe.

"Hapana. Hiyo niliiandika siku ya mwisho, mkoba uko mlangoni. Nikasema labda." Akatoa simu mfukoni, simu ndogo ya vibonye, akaitazama. "Wanangu wamenisumbua nihamie mtandao mwingine, huku huu haushiki vizuri. Nimekataa miaka tisa. Hata sikuwaambia kwa nini."

Nilimwambia kuhusu ripoti. Nilimwambia wao watafanya nitakaloandika, na kwamba niko tayari kuandika ibaki. Nilikuwa tayari kweli. Ningetafuta sababu za kitaalamu, zipo kila mara ukizitaka.

Akatikisa kichwa. "Izime. Mashine ile ikifa siku moja, watu watakunywa nini? Uhamishe foleni ilivyo, na maiti wangu ndani yake, uwape kila mmoja namba yake. Halafu izime. Pampu zenyewe hazijui kama kulikuwa na kompyuta." Aliinuka, akajikung'uta suruali, akaketi tena. "Ila kabla hujaondoka, nisomee. Miwani yangu imekaliwa na mmoja wa hawa. Nimesahau niliandika nini."

Nikaifungua kompyuta yangu, yenye nakala ya programu, magotini, nikakinga kioo kwa khanga ili kionekane. Kule uwanjani walikuwa wameanza kupepeta. Nikapanda mpaka juu kabisa, mahali ambapo kwa wiki nyingi nilikuwa nikipavuka nimefumba macho, nikasoma kwa sauti:

"Asalaam aleikum wewe uliyefika hapa."

"Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh," akaitikia papo hapo, kama mtu yeyote anavyoitikia akisalimiwa njiani.

Kisha akasikia alichofanya. Akaweka mkono mdomoni, akatazama uwanjani walipokuwa watu wake, na macho yakamjaa maji.

Nilikuwa nimetoka Masoko kwa ajili ya kuiitikia salamu ile, naye mwenyewe akaniwahi. Nikaitikia na mimi, wa pili.